Mstari Alioukata Bibi Pindo

Miaka arobaini na mmoja Bibi Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya tabia moja: hakuwahi kumkabidhi mtu nguo ambayo pindo lake limepinda hata kwa upana wa punje ya mchele. Kuna gauni la bibi harusi alilifumua mara nne, bwana harusi ameshavaa na kukaa. Kwa hiyo siku mjukuu wake alipomwambia kwamba kazi za kompyuta zinataka uvumilivu na macho ya kuona vitu vidogo, alijibu, "Kumbe walikuwa wananisubiri mimi." Tangu hapo kichwa kikamvimba.

Mjukuu huyo, binti mkubwa aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji, ndiye aliyeleta kile kisanduku. Kilikuwa cheusi, unene wa matofali mawili ya sabuni, kina taa moja ya kijani, nacho kilikaa juu ya kabati la vitambaa, kati ya mkebe wa vifungo na pasi iliyokufa zamani. Ndani yake mlikuwa na mtandao wa maongezi wa familia peke yake, usio wa kampuni yoyote. Chumba kikubwa cha maongezi waliita Sebule. Humo waliongea Bibi Pindo, binti yake, mkwe wake aliyekuwa mwokaji mikate, mwanawe wa kiume aliyefundisha watu kuendesha magari, na mjukuu mwenyewe akipata nafasi.

Mtu mmoja hakuwemo, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Huyo alikuwa mdogo wake Bibi Pindo, mstaafu wa kupiga chapa ofisini, ambaye ukoo mzima walimwita Karani. Miezi kumi na minne nyuma, siku ya kufungua Sebule, wote walikuwa mezani. Kila mmoja aliingia kwa simu yake. Karani alitazama simu yake kidogo, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akairudisha mkobani.

"Mimi nitabaki kule nilikozoea," alisema. Kule ni kwenye mtandao ule mwingine, wanaoutumia watu wote.

Bibi Pindo angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini siku hiyo alikuwa na watazamaji.

"Wewe umechapa barua za wakubwa miaka thelathini, leo kibonyezo kimoja kinakushinda?" alisema mbele ya watoto. "Sema tu hututaki. Anayetutaka atatufuata humu. Mimi kule nimeshafuta, na sirudi ng'o!"

Karani alichukua mkoba wake, akaondoka, kikombe cha chai kikiwa nusu. Hawakupigiana simu tena.

Sasa, Jumatatu moja, mwanawe alipita nyumbani akasema habari kwa mkato, funguo za gari zikimning'inia kidoleni. "Mama Mdogo anafanyiwa upasuaji wa macho Alhamisi asubuhi. Akitoka hapo hashiki simu wala hasomi kitu mpaka daktari aseme. Nimeona ujue."

"Nimejua," alisema Bibi Pindo, akaendelea kukata kitambaa. Alipoondoka mwanawe, aligundua amekata mikono mitatu ya shati.

Alitaka wapatane kabla ya Alhamisi. Hilo alilijua kama anavyojua njaa yake. Tatizo lilikuwa kwamba hakutaka kuanza yeye. Kwenda kwa Karani kubisha hodi? Aseme nini mlangoni? Kurudi kwenye ule mtandao? Alikula kiapo mbele ya watoto. Akashika tama mbele ya cherehani mpaka akakumbuka neno moja la mjukuu wake: daraja.

Daraja, mjukuu alieleza, ni programu ndogo inayokaa ndani ya kisanduku. Inachukua maneno ya Sebule inayapeleka kwenye mtandao mwingine, na ya kule inayaleta huku. Kila mtu anabaki kwake. Hakuna anayehama, hakuna anayerudi na, hili ndilo lililompendeza zaidi, hakuna anayeomba radhi. Karani angeona tu maongezi ya familia yanaingia simuni mwake, angejibu neno moja, na miezi kumi na minne ingefunikwa kama mshono wa ndani.

"Ulikuwa mpango wa mwoga," alikuja kukiri baadaye, "lakini ulikuwa umeshonwa vizuri."

Mjukuu mwenyewe alikuwa kazini bondeni, kwenye pampu mpya, kusiko na mtandao mpaka Ijumaa. Ila aliacha daftari la maelekezo ya kisanduku. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na hatua zote za daraja, na juu yake maandishi makubwa: TUTAFANYA PAMOJA NIKIRUDI. BIBI, USIGUSE.

Bibi Pindo alizisoma hatua akaridhika. Yale maandishi makubwa alisema yalikuwa ya kumtania.

Jumanne alfajiri alifuta meza, akaweka kompyuta ndogo pale panapokaa cherehani, akavaa futi ya kupimia shingoni, maana bila hiyo hakujiona yuko kazini. Faili la mipangilio lilikuwa refu kama kanzu. Daftari lilionya: kila mstari uanze mahali pake, mingine imeingia ndani kwa nafasi mbili, mingine kwa nne, na ukikosea nafasi moja tu daraja halisimami. Aliposoma hivyo alitabasamu. Hayo si ndiyo maisha yake? Alichukua chaki ya fundi akapiga mstari wima juu ya kioo cha kompyuta, ili maneno yote yaanzie hapo. Alipoteremsha faili, maneno yakapanda na chaki ikabaki. Akafuta, akapiga nyingine. Kufikia saa nne kioo kilikuwa kimepauka kama ubao wa shule, na Bibi Pindo alikuwa anasoma kwa kuchungulia upenyoni.

Mara ya kwanza daraja lilikataa kuamka, likatema mistari myekundu. Mara ya pili vilevile. Hakukasirika. Alirudi mwanzo, akapita neno kwa neno na pini mkononi, kama mtu anayetafuta tundu la sindano kwenye suruali nyeusi, na mstari wa sabini na mbili akakuta nafasi tatu palipotakiwa mbili. Akaitoa ile ya tatu. Mistari myekundu ikakoma. Alijipigia makofi peke yake chumbani, tena akaitikia kwa kichwa, kama mgeni wa heshima.

Kama angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi na yeye angekuwa shujaa.

Lakini chini kidogo alikuta mstari mmoja usiomtulia. Daftari lilieleza kazi yake: kwa kuwa maneno yote yatapita kwenye namba moja ya simu, ya Bibi, mstari huu unatanguliza jina la anayeandika, kisha nukta mbili, kisha ujumbe wake. Bibi Pindo aliufikiria. Yaani mkwe wake, mtu mzima mwenye tanuri lake, atangazwe kwa Karani kwa jina kavu, bila "mwanao" wala "mkweo", kama askari anasoma orodha ya waliokamatwa? Na mtoto amwite mama yake mdogo huku amejitanguliza jina yeye kwanza? Alijaribu kuandika "Mkweo, Mwokaji" na "Mwanao wa kiume". Mashine haikuelewa.

"Basi hakuna haja," alisema. "Kila mtu atajulikana kwa maneno yake."

Akaukata. Alihakikisha tu kwamba mistari iliyobaki imenyooka.

Hatua ya mwisho, aliyoiacha hadi Jumatano asubuhi, ilikuwa aibu yake ya siri. Ili daraja lishike, lazima simu yenye akaunti ya mtandao ule mwingine isome picha ya vidoadoa vyeusi kwenye kioo. Na Bibi Pindo, aliyetangaza amefuta, alifungua mkebe wa vifungo, akachimba chini ya vifungo vya makoti, akatoa simu yake ya zamani. Ilikuwa na chaji kamili. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akiichaji kila Jumapili, anatazama picha za maua ya Karani bila kusema neno, kisha anairudisha chini ya vifungo kama mwizi wa sukari.

Daftari lilisema: fungua kamera. Alisimama akaenda kuchana nywele, akavaa hereni. Aliporudi, picha ya vidoadoa ilikuwa imekwisha muda wake. Akaomba nyingine, akakaa wima, akaielekeza simu usoni pake, akatabasamu. Hakuna kitu. Mara ya nne ndipo alipoelewa kwamba hakuna aliyetaka kuiona sura yake. Akaigeuza simu, ikasoma vidoadoa, ikalia kengele ndogo. Jumatano, saa tatu asubuhi, Sebule iliunganishwa na simu ya Karani.

Hakumwambia mtu. Alitaka iwe kama mambo yametokea yenyewe. Akachemsha chai, akakaa kusubiri.

Kwanza aliandika mkwe: "Mikate sitini imeungua. Tanuri hili litaniua."

Akafuata binti, akitokea saluni: "Nimesuka mpaka kiunoni! Saa sita nimekaa jana na leo namalizia. Shingo inauma lakini napendeza balaa."

Bibi Pindo alisikia raha. Maongezi safi kabisa, ya nyumbani. Halafu pakatokea ujumbe mwingine wa binti, ambao kabla hajaisogeza simu karibu ulikuwa umetoweka, yamebaki maneno: ujumbe umefutwa. Hakujali. Binti yake alikosea vyumba kila siku ya Mungu.

Dakika kumi hazikupita, Sebule ikaingia sauti. Sauti yenyewe hasa, ya Karani, imekwama kidogo kwa kilio.

"Dada. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Sikutegemea, kwa kweli. Mimi nilishasema nitafumba macho yangu kesho nikiwa nimekasirika. Sasa nikwambie na mimi. Siku ile mezani sikukataa kuwafuata. Sikuziona zile herufi. Macho yalikuwa yameshaanza kuwa na ukungu, na huku nilikozoea herufi nimezikuza, najua kila kitu kilipo hata nikipapasa. Niliona haya kusema mbele ya watoto. Ulipouliza kibonyezo kimoja kinanishinda… kilikuwa kinanishinda, dada. Asante kwa kuanza wewe."

Bibi Pindo alikaa na kikombe hewani. Ujumbe gani? Aliishika simu ya zamani, akaitazama kwa macho ya Karani, na hapo akaona kazi ya mikono yake. Maneno yote yalikuwa yamekwenda kule kwa jina lake. Mikate iliyoungua ilikuwa yake. Aliyesuka mpaka kiunoni, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, alikuwa yeye. Na ujumbe ule uliofutwa Sebule, kule haukufutika:

"Nisamehe. Nilikudharau mbele za watu na kosa lilikuwa langu. Sina raha tangu siku ile."

Kabla hajapumua, Sebule ikalipuka.

"HUYO NI MAMA MDOGO?" aliandika mwanawe. "Amefikaje humu?"

"Mama umeomba msamaha?" aliandika binti. "WEWE?"

"Haiwezekani. Mama hajawahi kumwomba msamaha hata paka aliyemkanyaga mkia," akajibu mwanawe. "Ngoja nimalize kunyoa ndevu nakuja."

Na kila neno, likiwa bado la moto, likavuka daraja kwenda kwa Karani, kwa jina la Bibi Pindo.

Alisahau daftari, alisahau pini, alisahau hatua zote ishirini na mbili. Alirukia kabati la vitambaa akachomoa waya ukutani. Pasi iliyokufa ikamwangukia kwenye kidole cha mguu, na hata yeye alikiri kwamba ilistahili.

Baada ya saa moja walikuwa wote wamesimama kuzunguka kisanduku kilichozimwa kama watu waliofiwa. Binti, nywele zikimgusa kiuno kweli, alikuwa amefunika uso.

"Ule ulikuwa wa mume wangu," alisema. "Jumamosi nilimcheka mikate yake mbele ya wateja. Nikakosea chumba."

"Mimi nimeshasamehe," alisema mwokaji. "Ila hata mimi ujumbe wenyewe sijaupata."

Mwanawe, shavu moja limenyolewa na jingine bado, alichukua simu ya zamani akaitazama. "Mama, bahati iko upande wako. Hizi za mwisho zinaonyesha hazijasomwa. Futa hizi za paka na ndevu, bakiza ile moja. Amefurahi, umefurahi, yamekwisha. Si ndicho ulichotaka?"

Ndicho hasa alichotaka: msamaha uliokwenda bila yeye kufungua mdomo, na jibu lililokwisha kurudi. Kidole chake kikasimama juu ya kioo. Lakini masikioni alikuwa na sauti ya Karani ikisema "asante kwa kuanza wewe," na katika miaka arobaini na mmoja hakuwahi kumkabidhi mteja nguo iliyoshonwa na fundi mwingine akasema ni yake. Tena hii hata vipimo havikuwa vya Karani. Ulikuwa msamaha wa mikate.

"Miezi kumi na minne," alisema taratibu, "ninajisifu naona uzi uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Mdogo wangu alikuwa anasogeza simu mbele na nyuma hapa, kwenye meza hii, nikamwona, nikadhani anaringa."

Akairudisha simu mezani bila kufuta kitu.

Alhamisi saa moja asubuhi alikuwa hospitalini. Kwenye ukumbi wa macho palikuwa na benchi refu la mbao, limejaa watu waliokwisha kutiwa matone, wamekaa wima, nyuso zimeelekea ukutani, hawaoni ila ukungu. Karani alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, ameshika mkoba ule ule. Bibi Pindo alijibana pembeni yake.

"Dada?" alisema Karani bila kugeuka. "Nimesikia harufu ya mafuta ya cherehani."

"Ni mimi. Mdogo wangu, ule ujumbe si wangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliamini dakika kumi nzima. Nywele niliamini, nikasema sawa, uzee umemrudisha usichana. Mikate niliamini, nikasema amechoka na cherehani. Hata ile ya msamaha niliamini." Karani alianza kutikisika mabega. "Lakini uliposema unanyoa ndevu, dada, nikasema hapana, hapa pana mkono wa mtu."

"Mbona simu ilionyesha hujasoma?"

"Nilisomea palepale juu ya kioo, bila kufungua. Nilikuwa karani, dada. Unadhani tulikuwa tunafungua kila bahasha?"

Mtu wa pembeni alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa hiyo," alisema Karani, na sasa hakuwa anacheka, "mpaka leo hujaniomba."

"Bado."

"Basi niko hapa. Wakiniita naingia."

Bibi Pindo alitazama vidole vyake. Mstari wa sabini na mbili ulikuwa mwepesi kuliko huu. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ndogo kama ya mtu anayehesabu vifungo.

"Mama," aliita mzee mmoja kutoka mwisho wa benchi, macho yake yametazama dirisha, "paza sauti kidogo. Huku kuona hatuoni, na kusikia nako unatunyima."

"Kweli, tunakosa," akaunga mkono mama mwingine. "Tumeanza nayo tangu kwenye ndevu."

Benchi zima likacheka. Bibi Pindo alihisi masikio yakimwaka. Watazamaji tena. Miezi kumi na minne nyuma watazamaji ndio waliomponza, na sasa walikuwa hawa hapa, wengi zaidi, safari hii hakuna hata mmoja anayemwona. Akajikaza, akavuta pumzi.

"Mimi dada yako," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa benchi, "nukta mbili."

"Nukta mbili?" aliuliza Karani.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Jina kwanza, ndipo maneno, ili ijulikane anasema nani. Niliukata huo mstari kwa ujuaji wangu, sasa naurudisha. Mimi dada yako: nilikucheka mbele ya watoto, na ulikuwa huoni, na mimi ninayeona sana sikukuona. Halafu nikaogopa kuja, nikajenga mtambo ili nisije. Picha zako za maua nilikuwa nazitazama zote, simu iko kwenye mkebe wa vifungo, sikufuta kitu. Nisamehe."

Mzee wa mwisho wa benchi akaliitikia dirisha kwa kichwa.

"Umemaliza?" aliuliza Karani.

"Nimemaliza."

"Hakuna mikate?"

"Hakuna."

Karani alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa dada yake, akaushika, vidole vya kupiga chapa juu ya vidole vyenye makovu ya sindano. Hakusema amesamehe. Aliukamua ule mkono tu, kwa nguvu, kama anakamua nguo iliyolowa.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoa kichwa, akamwita Karani, akauliza, "Nani anamsindikiza?"

"Dada yake!" likajibu benchi zima.

Wakasimama pamoja. Bibi Pindo akamwongoza, hatua ndogo ndogo, akimtajia kizingiti kabla hawajakifikia. Mlangoni Karani alisita, akainua mkono wa pili, akampapasa dada yake kichwani, kutoka utosini hadi kisogoni, akakuta nywele fupi zilezile za siku zote.

"Nahakikisha tu," alisema, akaingia.